Acheni kuita gitaa anasa

Vijana wenzangu, na nyie ndugu wa mashirika: kila tukiomba chombo cha muziki tunajibiwa eti ni anasa. Posho ni lazima, sawa. Lakini mtu haishi kwa maharage tu.

Halafu siku mkitoa, mnatoa nini? Kinanda kikubwa na spika nzito, vyote vya umeme. Vinafungiwa stoo, na tukihamishwa vinabaki. Na sisi ni watu wa kuhama! Angalieni Bandari ya Bujumbura: toka pale ziwa linakufikisha Kigoma, Kalemie, mpaka Mpulungu. Mwaka 2015, MV Liemba ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Nani angepanda na spika?

Tunachotaka ni gitaa kavu dogo lenye kinasa sauti ndani. Betri moja ya volti 9 inalitosha; ikiisha, unapiga hivyohivyo. Wakati wa kuchagua, msidanganyike na jina. Tafuteni mwili wa mbao za tabaka, sababu unyevu na jua hupasua haraka mbao nzima. Mfuko uwe na mikanda ya mgongoni. Ndiyo, besi yake ni hafifu, ila ukiunganisha na spika ya kanisa unaiongeza.

Mwenda Jean Bosco wa Katanga alijulikana mbali kwa gitaa kavu na sauti yake tu.

Basi mkipanga bajeti, tuulizeni kwanza. Chombo kisichoweza kuondoka nasi si chetu.