Nembo ya bibi si kichekesho cha simu
Na Mwana wa Kirongwe

Jumanne, boti ya kwenda Mafia ilipokwisha kuiacha mikoko ya Nyamisati na kuanza kupigwa na upepo wa kusi, vijana wawili walisimama mbele ya bibi mmoja wa Kimakonde wakaanza kumrekodi kwa simu. Hawakumwamkia. Hawakumwomba ruhusa. Mmoja alishika simu, mwenzake akainama kando ya uso wa bibi na kutangaza, kwa sauti ya kumfikia nahodha, kwamba hiyo ndiyo tatuu ya enzi za mawe.

Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha kumfanya bibi avute khanga mpaka machoni.

Mwandishi wa safu hii alinyamaza kwa dakika kama mbili, na dakika hizo bado zinamuuma anapoandika haya. Kwa sababu kilichofanyika pale hakikuwa utani. Utani una watani wake na mipaka yake. Ule ulikuwa utovu wa adabu, tena wa mtu asiyejua hata anachokicheka.

Bibi ana nembo. Mistari imepindapinda kama meno ya msumeno, imeshuka mashavuni ikakutana kidevuni, rangi yake buluu iliyokolea hadi karibu na nyeusi. Mdomo wa juu una tundu la ndonya lililokwisha kunywea. Nembo za namna hii hazichorwi kwa mashine ya umeme. Fundi wa Kimakonde alichanja ngozi kwa kisu kidogo, akasugua masizi ya mbarika kwenye jeraha, na kazi ilirudiwa mpaka rangi ikakubali. Msichana alitakiwa kuvumilia mbele ya watu wanaomtazama. Aliyevumilia alihesabiwa mtu mzima, na uso wake ukasema yeye ni wa nani bila ya yeye kufungua kinywa.

Wamakonde wengi wa rika lake walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakatawanyika kwenye mashamba ya mkonge na ya minazi. Pwani waliitwa Wamawia, jina ambalo halikutamkwa kwa heshima. Mafia inaringia minazi yake, lakini mara chache husema ni mikono ya nani iliyoipalilia.

Sasa huyo kijana mtangazaji. Alivaa singlendi, na kuanzia begani hadi kiwikoni alikuwa na tatuu mpya, pembetatu zilizopangwa kama meno ya papa, katikati yake mawimbi. Mchoro huo si wa kubuniwa na kinyozi wa mjini. Ni wa watu wa visiwa vya Polinesia, bahari ya Pasifiki, waliokuwa wakigonga ngozi kwa vichana vya mfupa. Hata neno lenyewe limetoka kwao: James Cook na mabaharia wake walilisikia Tahiti mwaka 1769, wakalipeleka Uingereza, na leo linaitwa tatuu mpaka Kilindoni. Hao nao ni watu wa samaki na nazi, na ngalawa zao zina undugu na za Mafia. Kijana amebeba begani alama ya ukoo wa visiwa vya mbali, kisha anamcheka bibi aliyebeba alama ya ukoo wake mwenyewe.

Bibi ndiye aliyemaliza jambo lile. Alishusha khanga, akautazama mkono wa kijana, akauliza, "Mjukuu wangu, na hiyo yako ni ya wapi?"

"Staili tu, bibi."

"Mimi nikizama hapa, watakaoniokota watajua ni Mmakonde. Wewe watakuzika wapi?"

Simu ilishuka.

Abiria mmoja, mtu wa makamo, alijaribu kuwatetea vijana kwa kusema dini imekataza kuchora mwili. Kweli, masheikh wengi wanakataza, na Mafia ni kisiwa cha Waislamu. Lakini kama ni katazo, lianzie kwenye bega la mwaka huu, si kwenye uso uliochanjwa usichanani. Tena mtetezi huyo mwenyewe alikuwa na chale mbili kila upande wa paji la uso, kama walivyo nazo wengi waliopelekwa kwa mganga wakiwa wachanga. Hakuna wa kumcheka kwa hilo, kwani kuchanjwa kwa tiba ni jambo la kale. Maiti ya mtu wa miaka zaidi ya 5,000 iliyokutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991 ina alama 61, nyingi zikiwa kiunoni na miguuni, na wataalamu wanadhani alichanjwa kutibiwa maumivu. Bibi yeyote wa Kirongwe angewaambia hivyo bila darubini.

Kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya, vinyago vya mapiko vya Wamakonde vimehifadhiwa nyuma ya kioo, na nembo hizihizi zimetengenezwa usoni mwao kwa nta. Huko watu hulipa kiingilio. New Zealand, mwanamke wa Kimaori, Nanaia Mahuta, aliingia wizara ya mambo ya nje mwaka 2020 akiwa na moko, tatuu ya jadi yao, kidevuni, na mataifa yakamsalimu. Na Tanzania yenyewe, alama yake kuu, iliyo juu ya kila barua ya serikali, inaitwa nembo. Neno ni lilelile.

Kijana naye ajue: matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi huweka sharti kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Siku kijana yule atakaposimama mbele ya meza ya namna hiyo, ataona macho yakiutazama mkono wake kama yeye alivyoutazama uso wa bibi.

Video ile ifutwe. Na mwenye bibi wa Kimakonde nyumbani, iwe Kilindoni, Baleni au Utende, akampe shikamoo leo, amuulize nani alimkata nembo, wapi, na kila mstari unaitwaje. Wanaoweza kujibu wamebaki wachache.