Panya wa Kufugwa si Panya wa Shambani

Mwezi uliopita mama mmoja wa jumuiya yetu aliniletea mwanawe wa miaka tisa, kidole kimevimba. Mtoto alikuwa amekamata kinda la panya buku shambani, akalificha ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda na kulilisha ugali. Siku ya nne likamng'ata. Mama alitaka nimkaripie. Mimi nilimwuliza mtoto kwa nini alifanya hivyo. Akajibu kwamba amesikia panya wa Morogoro wanatafuta mabomu, naye alitaka wa kwake.

Jibu hilo si la kijinga. Magawa, panya buku aliyezaliwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, alipelekwa Kambodia akafichua zaidi ya mabomu 70 yaliyofukiwa ardhini. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Huko Uingereza kwenyewe, panya wa kufugwa walishindanishwa katika maonyesho ya mji wa Aylesbury mwaka 1901, na hadi leo familia nyingi za Ulaya na Marekani wanao. Panya ni mnyama mwerevu, hujisafisha, na humzoea anayemtunza.

Lakini tusichanganye mambo. Magawa hakuokotwa shambani. Alizaliwa na kulelewa mikononi mwa watu. Panya weupe na wa madoadoa wanaofugwa Ulaya nao ni uzao wa vizazi vingi vya panya waliozaliwa kizimbani. Panya wa shambani au wa darini hatujui ametoka wapi wala amebeba nini. Viroboto wake huweza kuleta tauni, ugonjwa uliosumbua Lushoto kwa miaka mingi kuanzia 1980. Mkojo wake huweza kuleta homa ya mgunda, iliyozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Na mwaka 2003, panya buku na wanyama wengine wa porini waliosafirishwa kutoka Ghana hadi Marekani kwa biashara ya wanyama wa kufugwa waliambukiza wanyama wengine madukani, na watu wapatao 47 wakapata ugonjwa tunaouita leo mpox.

Basi maoni yangu ni haya: mtoto anayependa wanyama asichekwe wala asichapwe, ila panya wa porini asiingizwe nyumbani kama rafiki. Familia ikiamua kufuga, ichukue panya aliyezaliwa na wazazi wa kufugwa, tena ikiwa tayari kumjengea makao mema. Bila makao mema, ni afadhali kuacha.

Kwanza, usifuge panya mmoja. Peke yake hunyong'onyea. Fuga wawili wa jinsia moja, maana dume na jike watakupa makinda baada ya wiki tatu hivi, mara nyingi zaidi ya manane kwa mkupuo mmoja.

Pili, boksi halifai, kwa kuwa meno ya panya hukua maisha yote naye hutafuna kila kitu. Tengeneza kizimba cha wavu wa chuma, matundu yake yasizidi sentimita moja. Kwa panya wawili, urefu usipungue sentimita 80 na upana 50, na kiwe na ghorofa ya kupanda. Sakafu isiwe ya wavu, kwani huumiza nyayo. Weka kijumba cha kujificha, kipande cha kitambaa kilichoning'inizwa cha kulalia, na kijiti kigumu cha kutafuna.

Tatu, tandika karatasi zilizochanwachanwa. Maranda ya msonobari yana harufu kali inayodhuru mapafu yao. Mkojo uliokaa nao huwadhuru, hivyo ondoa uchafu kila siku na osha kizimba chote kila wiki. Kikae kivulini penye hewa, mbali na moshi na chakula cha watu. Joto kali huua panya, na ndugu zangu wa pwani walikumbuke hilo.

Nne, linda watu wa nyumbani. Kila anayemshika panya anawe mikono kwa sabuni. Panya asibusiwe wala asitembee juu ya meza ya chakula. Penye mtoto chini ya miaka mitano, au mgonjwa ambaye kinga ya mwili imepungua, panya asifugwe kabisa.

Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha nenda zahanati hata kama kidonda ni kidogo. Homa, vipele na maumivu ya viungo siku chache baadaye ni dalili za ugonjwa unaotibika vizuri kwa dawa za kuua bakteria, lakini ukiachwa huweza kuua. Mwambieni mganga wazi kwamba ni panya. Wengi huona aibu, wakatibiwa malaria.

Yule mtoto alipona kwa sababu mama yake hakuchelewa. Hata hivyo, alikaa siku nne na mnyama wa porini chini ya kitanda bila mtu mzima kujua. Wazazi wenzangu, mtoto anayeogopa fimbo huficha panya, na baadaye huficha hata kidonda. Tuwasikilize wangali wadogo.