Walinzi wa Kifua

Vijana wetu madrasani hutuuliza: "Maalim, pombe twajua ni haramu; lakini sigara haikutajwa katika Qur'ani. Ubaya wake ni nini?" Swali hili ni jema, nalo yatupasa kulijibu kwa hoja, si kwa fimbo.

Sisi wa bonde la Kilombero ni wakulima wa mpunga. Kila mmoja ajua kwamba mpunga utoapo masuke, mlinzi hupanda dunguni kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Mlinzi akilala, wavunao ni wengine. Basi kifua nacho kimewekewa walinzi na Mola wake. Katika njia za pumzi mna vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa jicho, ambavyo hupepea daima vikiyapandisha kooni makohozi yaliyonasa vumbi na vijidudu. Na ndani kabisa, katika vifuko vya hewa, mna chembe hai ambazo kazi yake ni kuvimeza vijidudu vilivyopenya.

Moshi wa tumbaku, uwe wa sigara ya dukani au wa msokoto, una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 katika hizo huleta saratani. Moshi huo huvilegeza vile vinyweleo, kisha huviua. Ndiyo sababu mvutaji hukohoa kila asubuhi: makohozi yaliyolala usiku kucha hayana tena wa kuyatoa ila kikohozi. Tena mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha jinsi sigara inavyofuatana na saratani ya mapafu, na uchunguzi uliofuata uliwathibitisha.

Pombe nayo, ijapokuwa hushuka tumboni, haikiachi kifua. Huzidhoofisha zile chembe za ulinzi. Na mlevi alalapo, kikohozi cha kujikinga hulala pamoja naye, hata matapishi yakaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia.

Adui angojeaye walinzi walale ni kifua kikuu. Mvutaji yumo katika hatari ya kukipata kiasi cha mara 2 kuliko asiyevuta, na mnywaji wa kupindukia kiasi cha mara 3. Dawa zake hutolewa bure, nazo kwa kawaida hunywewa miezi 6. Lakini mlevi huzisahau, na pombe ikikutana nazo huumiza ini. Kisha mtu huyo arudi nyumbani, akohoe katika chumba kimoja na mkewe na watoto. Je, huyo ajidhuru peke yake?

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Pombe imekatazwa waziwazi katika Suratul Maida, aya ya 90. Tumbaku haikutajwa kwa kuwa iliwafikia Waislamu karibu miaka 1,000 baada ya Hijra. Maulamaa wa zamani walihitilafiana juu yake, kwani madhara yake hayakuwa yamedhihiri. Leo yamedhihiri, na msingi wa sharia wajulikana: haifai mtu kujidhuru, wala kumdhuru mwenziwe.

Enyi wazazi, sheria ya nchi ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Basi baba amtumaye mwanawe dukani kuinunua amfundisha mambo mawili kwa safari moja: kuvuta, na kuidharau sheria.

Na yeyote akohoaye wiki 2 au zaidi asingoje. Mji wetu wa Ifakara una Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na una taasisi ya utafiti wa maradhi iliyoanza kwa maabara ndogo. Kwetu sisi kutojua si udhuru.

Wako wasemao, "Nimeshindwa kuacha." Twawauliza: ni nani aliyewawezesha kufunga tangu alfajiri hadi magharibi, mwezi mzima wa Ramadhani, bila ya kuvuta hata mara moja? Aliyeweza mchana aanze na usiku. Miaka 10 baada ya kuacha, hatari ya saratani ya mapafu hupungua hata ikawa kiasi cha nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Pumzi ni amana. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuirejesha ikiwa safi. Amin.