Ngoma Iingie Darasa la Fizikia

Kabla ngoma haijaanza, wapigaji huwasha moto wa makuti, wakaisogeza ngozi karibu na ndimi zake. Mmoja hugonga kwa vidole, akasikiliza, akaizungusha, akagonga tena. Sauti iliyokuwa nzito na legevu hupanda mpaka ikalia sawasawa. Joto limefukuza unyevu, ngozi imejikaza, na ngozi iliyokazwa hutetemeka upesi zaidi.

Hiyo ni fizikia, wala sipambi maneno. Sekondari tunafundishwa kwamba ukitaka waya utetemeke upesi maradufu, mkazo wake lazima uwe mara nne. Lakini shule ngapi hazina sonomita ya kulionyesha hilo? Mwanafunzi hukichora kifaa daftarini na kukariri kanuni, na huku zeze la kikundi cha utamaduni limelala stoo, hatua chache tu kutoka darasani.

Vivyo hivyo, kidato cha tano huyu huenda PCM (fizikia, kemia na hisabati), yule HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza): wa sayansi na wa arts. Wanaotetea mgawanyo huu wana hoja nzito. Walimu wa sayansi hawatoshi, na daktari haivi kwa kuonja kila somo. Sidai PCM ifutwe. Ninachokikataa ni kuligawa jambo lenyewe, kana kwamba sauti ikitoka ngomani ni burudani, ikitoka kitabuni ndiyo elimu.

Itazame ilimba ya Wagogo, ambayo hayati Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia. Fundi huvuta ulimi wa chuma nje kidogo, sauti ikashuka. Huurudisha ndani, ikapanda. Kwenye tundu la kisanduku hubandika utando wa buibui ili sauti ipate mkwaruzo wake. Mtu huyo anajaribu, anasikiliza, anasahihisha, anajaribu tena. Anachokosa ni kipimo na maandishi, ndiyo maana akifa huondoka na mengi. Mwanafunzi wetu anavyo vipimo na maandishi. Lakini sikio la fundi hakupewa na mtu.

Tusingoje mtaala mpya. Mwalimu wa fizikia aazime ngoma wiki ijayo, amwite na mpigaji, amlipe kama anavyolipwa mtaalamu. Wanafunzi wapime mtetemo kwa programu ya simu kabla ya moto na baada ya moto. Kisha wamuulize alijuaje kwamba sasa imetosha.