Tusilisingizie Jua

Kila mvua inapochelewa Kitui na Makueni, husikika hoja kwamba tabia ya nchi imekuwa ikibadilika tangu kale, na kwamba jua ndilo linaloibadilisha. Hoja hii ina chembe ya ukweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Ni kweli kwamba misimu yetu hugawanywa na mbingu. Jua hupita juu ya ikweta mwezi Machi na Septemba, nao ukanda wa mvua hulifuata nyuma. Wakamba huziita mvua hizo uua na nthwa. Vitabu vya shule huziita "mvua ndefu" na "mvua fupi", tafsiri ya Kiingereza inayompotosha mwanafunzi wa Mwingi au Kibwezi, kwani huko hiyo "fupi" ya Oktoba hadi Desemba ndiyo mkulima aitegemeayo zaidi. (Kwa nini tuliyaacha masika na vuli, sielewi.)

Ni kweli pia kwamba mhimili wa dunia huyumba mithili ya pia ichezewayo na watoto. Leo dunia hulikaribia jua zaidi mapema Januari. Miaka 11,000 hivi iliyopita ililikaribia katikati ya mwaka. Matope ya Ziwa Chala, mpakani mwa Taita-Taveta na Tanzania, yamehifadhi kumbukumbu ya mvua ikizidi na kupungua kwa kufuata mwendo huo kwa miaka 25,000. Ziwa Turkana nalo lilijaa hata likamwaga maji kuelekea Nile, kisha yapata miaka 5,000 iliyopita likanywea.

Lakini mzunguko huo huchukua zaidi ya miaka 20,000. Katika maisha ya mkulima wa Wote mwenye umri wa miaka 60, tarehe hiyo ya Januari imesogea kwa siku moja tu! Nguvu ya jua, inayopimwa kwa setilaiti tangu 1978, hupanda na kushuka kwa takriban sehemu moja ya elfu kila miaka 11, wala haijaongezeka. Kilichoongezeka ni gesi ya kaboni itokanayo na viwanda na magari: kutoka sehemu 280 katika milioni hadi zaidi ya 420.

Sidai kwamba kila ukame watokana na gesi hiyo. Misimu mitano iliyofeli mfululizo kuanzia 2020 hadi 2022 ilichangiwa sana na hali ya bahari za Pasifiki na Hindi. Joto lililoongezeka likaikausha ardhi zaidi.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza iwapo mvua za kale za Turkana zitarudi dunia itakapolikaribia jua tena mwezi Julai. Nilimjibu kwamba huenda zikarudi, ila tungoje miaka elfu kumi.