Sarafu Isiyonunua Kitu



Wiki hii nina ugomvi, nao ni juu ya kisarafu kimoja cha shaba.

Jumamosi iliyopita tuliwapeleka watoto wa parokia kutoka Kilindoni hadi Kisimani, penye mabaki ya mji wa kale unaomegwa na bahari. Ufukweni kijana mmoja alituonyesha sarafu iliyoota kutu ya kijani, akataka tuinunue kama wanunuavyo wageni. Mtoto mmoja akaniuliza, "Baba, hii inanunua nini?" Nikamjibu upesi, "Hainunui kitu, mwanangu." Jibu hilo limenisumbua hadi leo, kwa maana nilikosea.

Sarafu za namna hiyo zilitengenezwa Kilwa, nyingi kati yake karne kadhaa kabla ya Wareno kufika pwani yetu mwaka 1498. Hazina sura ya mtawala. Upande mmoja una jina la sultani. Wa pili una maneno ya kumtumaini Mungu, na pande hizo mbili zinapatana kwa vina. Mtoto anayejua swali la Bwana wetu juu ya sura iliyo kwenye dinari angepata hapa somo zuri, na angelipata pamoja na rafiki yake Mwislamu. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa na askari mmoja mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Hizo zimehifadhiwa Sydney. Za Kisimani zinaishia mifukoni mwa wapita njia!

Wapo wasemao kwamba makumbusho ni starehe ya watalii. Je, mtoto wa Mafia atajuaje kwamba neno "hela" analolitamka kila siku lilitokana na heller ya Wajerumani, waliotawala kisiwa hiki hadi Waingereza walipokitwaa mwaka 1915? Tumemfundisha kutafuta fedha kabla ya kumfundisha kuisoma.

Wengine husema, "Mvuvi ni maskini, aache kuuza ale nini?" Hoja hii naiheshimu, lakini inamtetea anayenunua. Mvuvi hupata mlo mmoja. Mnunuzi huondoka na urithi wa kisiwa kizima. Tena sarafu ikiwa ingali katika tabaka lake la udongo humsaidia mtaalamu kukadiria umri wa ukuta na vigae vilivyo karibu nayo. Ikishatiwa mfukoni, imekuwa bubu. Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Tusijifanye hatuijui.

Sidai jumba la fahari. Nadai chumba kimoja hapa Kilindoni, kabati la kioo lenye kufuli, na daftari la kuandika nani ameokota nini, wapi na lini, chini ya uangalizi wa wataalamu wa mambo ya kale. Anayeleta kitu apewe asante ya hadharani na jina lake liandikwe ukutani.

Kijana yule aliondoka na sarafu yake. Sikuinunua, wala sikuwa na mahali pa kumwelekeza aipeleke. Hiyo ndiyo aibu yetu sisi watu wazima, na watoto waliishuhudia.

Nawatakieni Dominika njema.