Baridi Yabisi: Safari Ndefu Kabla ya Mgonjwa Kupata Tiba Sahihi

Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, saa ngumu kuliko zote ni za asubuhi. Vidole vilivyokanda unga jana yake huamka vimevimba na kukakamaa, na huweza kupita saa nzima au zaidi kabla havijaweza kushika kikombe. Kufikia mchana viungo hulegea kidogo. Ndugu wanaomwona akitembea huanza kutilia shaka malalamiko yake, na shaka hiyo mara nyingine humfuata hadi katika chumba cha mganga.

Sehemu ya tatizo imo katika jina lenyewe. Neno "yabisi" lina maana ya kitu kikavu au kigumu, na jina hilo lina asili katika utabibu wa kale uliopanga maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Ndiyo maana wengi bado huamini kuwa chanzo ni maji ya baridi, sakafu ya saruji au hewa ya milimani. Ukweli ni kwamba kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Wanawake hupata ugonjwa huu mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi wao hawajafikia uzee. Aliyeshauriwa kuvaa soksi na kuepuka baridi haoni sababu ya kuwahi hospitali, ilhali uvimbe usiodhibitiwa hula gegedu na mfupa, na kiungo kilichokwisha kupinda hakinyooki kwa vidonge.

Kituo cha kwanza kwa wengi ni duka la dawa. Vidonge vya diklofenaki hutuliza maumivu, lakini ugonjwa huendelea na kazi yake. Wapo wanaopewa prednisoloni, wakapata nafuu ya haraka, kisha wakaendelea kuinunua wenyewe kwa miezi mingi bila kuambiwa kwamba matumizi ya muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari na shinikizo la damu. Wengine huambiwa wana jongo, au kwamba ni uchovu wa kazi tu.

Katika miaka ya karibuni Serikali imejenga hospitali za wilaya na kufikisha mashine za kisasa za uchunguzi katika hospitali za rufaa za mikoa. Hata hivyo, ugonjwa huu hutambuliwa kwanza kwa masikio na vidole vya mtabibu: anayeuliza ukakamavu wa asubuhi hudumu kwa muda gani, na anayebonyeza viungo vya mikono yote miwili kimoja baada ya kingine. Kipimo cha damu pekee hakitoshi, kwa kuwa huweza kutoka hasi kwa mgonjwa halisi. Kwenye foleni ndefu, dakika za kuuliza na kubonyeza ndizo adimu.

Hata baada ya ugonjwa kutambuliwa, maelezo ni nusu ya tiba. Methotreksati, iliyomo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani, humezwa mara moja kwa wiki. Akiimeza kila siku kwa kutoelewa, mgonjwa anaweza kupoteza maisha. Haifai kwa mjamzito, jambo ambalo mwanamke mwenye umri wa kuzaa anapaswa kuelezwa mapema, na huhitaji vipimo vya damu na ini kila baada ya muda. Kwa mkazi wa kijijini, kila kipimo ni nauli na siku moja ya shamba.

Hapo ndipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, itakapopimwa. Mgonjwa wa maisha haumizwi na gharama moja kubwa tu. Humalizwa na gharama ndogo zisizokoma, na kitita cha bima kisichogusa dawa za kudhibiti ugonjwa na vipimo vyake kitamrudisha duka la dawa.

Mkoani Kilimanjaro, watafiti wa KCMC wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow wamefuatilia mzigo wa magonjwa ya viungo kwa kaya za Wilaya ya Hai, uchumi wao ukiwemo. Aidha, mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294, ambao huingia majumbani. Mhudumu anayepiga hodi saa moja asubuhi anaweza kuona kile ambacho daktari wa saa nane mchana hakioni: mama anayeshindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai.